Maganda Yenye Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Karakana nzima leo imegeuka chuo cha diplomasia. Watu ambao wiki iliyopita hawakujua nchi ya jirani iko upande gani wa mto, leo wanaipangia mipaka huku wakitafuna mkate. Sababu yenyewe: Meneja ametangaza kwamba kiwanda chetu – kiwanda cha mitungi ya gesi, jamani! – kimeombwa kutengeneza maganda ya makombora kwa ajili ya nchi hiyo iliyovamiwa. Chuma kitupu. Baruti watajaza wenyewe ng'ambo. Na kwa kuwa Meneja ni mwoga anayependa kuonekana muungwana, ametuachia sisi tuamue. Mkutano ni keshokutwa.

Mimi ndiye mkaguzi wa ubora. Shahada ya falsafa na siasa, daraja la kwanza. Kisha kozi ya wiki tatu ya kupima chuma, yenye cheti ambacho kwenye picha yake nimefumba jicho moja. Kazi alinitafutia Mjomba, msimamizi wa tanuri. Kila mtu hunikumbusha jambo hilo, isipokuwa yeye mwenyewe.

Msimamo ninao tangu saa mbili asubuhi. Aliyevamiwa apewe cha kujitetea. Dada yangu ameolewa huko, mji wake umezingirwa tangu Januari, na Shemeji – mwalimu wa hesabu, mtu anayegeuza uso kuku akichinjwa – sasa yuko kwenye mizinga. Lakini hata nisingekuwa na dada, hoja ingesimama. Nataka hili liandikwe. Sitetei ndugu. Natetea kanuni.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Laiti masikio yangekuwa na vifuniko!

Upande wa ndiyo: nusu yao wanawaza saa za ziada, nusu nyingine wanashabikia vita kama wanavyoshabikia mpira. Fundi wa rangi alisimama, akapiga ngumi hewani, akasema "tuwatie adabu," akaketi. Hiyo ndiyo hoja yote. Hawa ndio wenzangu! Upande wa hapana: mpishi wa kantini alitufunulia kwamba vita ni vibaya. Alilisema taratibu, kama daktari anayetoa majibu ya vipimo.

Kisha akainuka mtunza stoo. Tunamwita Makubaliano, kwa sababu ukienda kumdai glovu mpya atakwambia "tufanye makubaliano," nawe utaondoka na zile zile za zamani. Alikuwa askari miaka kumi na mmoja. Miwani yake imefungwa kwa waya.

Akasema yeye vitu hivyo amevibeba. Kwamba kombora likishatoka mkononi, huchagui tena litamwangukia nani. Waketi waongee, hata kama wanatukanana. Siku moja ya matusi mezani, akasema, ni siku moja watu hawafi.

Nikaomba nafasi. "Mzee wangu, mwizi ameshaingia chumbani, amekalia kitanda chako, na wewe unapendekeza tujadili shuka!"

Kicheko kilitikisa mabati. Akangoja kiishe. "Sawa, Profesa. Ukampa mwenye nyumba panga. Watoto wamelala wapi humo chumbani?"

Nilimjibu kwa historia. Dakika kumi na mbili, bila karatasi. Mikataba iliyotiwa saini huku mizinga ingali na joto; amani zilizokuwa likizo tu ya mvamizi. Nilimalizia hivi: kumhubiria amani anayekabwa koo ni kumsaidia anayekaba. Walipiga makofi hata wale ambao, naapa, hawakuelewa kitu.

Kura zetu ni za nati. Kila mtu hudondosha nati moja ndani ya moja ya ndoo mbili – nyekundu ni ndiyo, bluu ni hapana. Nyekundu sitini na nne, bluu thelathini na moja.

Mjomba alidondosha yake kwenye nyekundu. Akipita karibu nami alisema: "Umeongea vizuri, mpwa wangu. Sasa tuyatengeneze vizuri."

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda stoo kuchukua glovu. Makubaliano amechora kivuli cha kila kifaa ubaoni kwa rangi nyeupe – spana, koleo, nyundo – ili kinachokosekana kionekane. Mtu wa mpangilio mkubwa katika mambo madogo.

"Umeshinda, Profesa. Ila hukunijibu."

"Lipi?"

"Watoto wamelala wapi."

Nimemwambia hilo si swali, ni kilio kilichovikwa alama ya kuuliza. Akanipa glovu. Za zamani.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepiga. Mama aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji. Nilidhani Dada atafurahi. Nikamweleza mkutano, hotuba, nati.

"Hongera, mdogo wangu. Wewe umeshinda mjadala, sisi leo tumeshinda kupata maji."

Nikamwuliza waziwazi: anataka tuwatumie silaha, au anataka mazungumzo? Atoe jibu moja. Akasema: hizo silaha anaziogopa, za upande wake na za mvamizi. Na waliokuja na amani yao wamekaa sebuleni kwa rafiki yake, nje kidogo ya mji, wamevua viatu, wanatazama runinga ya mtu. "Usinifanye mfano wa hotuba zako. Mimi nataka mume wangu arudi na mikono yake miwili. Uniwekee hilo kwenye ndoo yoyote unayotaka."

Mama akalia. Nimempenda Dada maisha yangu yote, lakini ni lazima nikiri: hajui kujenga hoja.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imeanza. Bomba la chuma linakatwa, linaingia tanurini, linatoka jekundu, linazamishwa kwenye pipa la mafuta, linapoa. Ndipo linafika kwangu – au lingefika, kama si Mjomba.

Mjomba ana kinyundo chenye mpini wa mpera. Hulining'iniza kila ganda kwenye ndoano, huligonga mara moja, hufumba macho, husikiliza. Mlio mrefu, linapita. Mlio mfupi, linawekwa kando. Ukimwuliza kwa nini, anasema "hili halijapona." Halijapona! Kama mgonjwa! Kila moja nusu dakika, na mistari ya maganda inarefuka nyuma yake kama foleni ya kliniki.

Mimi nina geji. Unene, kipenyo, urefu, sehemu ya kumi ya milimita. Kwa nini karne hii inamsubiri mzee afumbe macho?

Nilimwambia kwa heshima zote. "Shikamoo Mjomba, lakini watu wanakufa tunaposikiliza muziki."

"Marahaba. Ndiyo maana nasikiliza."

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika waraka kwa Meneja. Kurasa nne. "Juu ya Kuondolewa kwa Ukaguzi wa Kimila katika Uzalishaji wa Dharura." Nimeusoma mara tatu na sikuona neno la kuondoa. Sehemu niipendayo: "Sikio si kipimo. Sikio huzeeka, huchoka, na hupendelea. Kila dakika tunayoipa nyundo, tumeipokonya mji uliozingirwa na kumkabidhi adui."

Meneja alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Saa nane mchana nyundo imekwenda stoo, ikatundikwa kwenye kivuli chake.

Mjomba alivua aproni, akaikunja mara nne, akaenda kuketi karibu na tanuri. Nilitegemea angalau hoja ya kupinga. Hakuna. Watu wa namna hii hawashindwi mjadala, wanaususia.

Jumanne, 18 Machi

Mzigo wa kwanza umeondoka. Maganda mia sita!

Sheria yetu: kila kilichokaguliwa hupigwa mhuri wa chuma wa mkaguzi, mimi ni namba kumi na saba. Nimelilaza kila ganda juu ya gogo, nimeweka mhuri, nimepiga nyundo. Mara mia sita, vizibo masikioni kwa sababu ya kelele za msumeno. Bega linaniuma kwa namna ninayoiona ya heshima.

Mvua zimeanza tangu Ijumaa. Paa linavuja juu ya tanuri na pipa la mafuta. Fundi wa rangi ameweka ndoo na kutangaza kwamba tatizo limekwisha.

Nimebaki na ganda moja mezani pangu. Ninatia kalamu humo.

Jumapili, 23 Machi

Runinga nzima ni mazungumzo. Mabwana wawili wa suti wamepeana mikono kwa sekunde tisa, wapiga picha wakaomba warudie, wakarudia. Inasemekana vita vitasimamishwa ifikapo Jumatatu ya tarehe thelathini na moja, kila upande ubaki pale utakapokuwa. Yaani: mvamizi amepewa siku nane za kufika pale anapotaka kubaki. Hata mtoto wa darasa la nne angeliona hilo. Mpishi wa kantini ameniandikia ujumbe wenye njiwa wawili.

Mjomba hakuja kula nasi. Jumapili ya pili sasa. Mama ananitazama kama mtu aliyevunja sahani akaificha.

Alhamisi, 27 Machi

Dada amepiga asubuhi, anacheka! Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Shemeji alirudi nyumbani kwa saa mbili, akaoga, akala amesimama. Amemwambia mzigo wa makombora mapya umewafikia kwenye kilima wanachokilinda juu ya mji, na chini ya kila moja kuna namba kumi na saba.

"Nikamwambia huyo ni shemeji yako huyo! Akasema basi ataandika kwa chaki: *Salamu kutoka kwa Profesa*. Nao wote sasa wanaita hivyo. 'Nipe profesa mmoja.' 'Maprofesa wamebaki wangapi?'"

Wanayaweka akiba. Wameamriwa wasifyatue mpaka Jumamosi jioni, mvamizi atakapojaribu kuuchukua mji kabla ya Jumatatu. Dada aliyasema haya yote kwenye simu ya kawaida, kwa sauti ya mtu anayesimulia harusi. Hakuna usiri katika nchi ile.

Nilikwenda kazini nikipiga mluzi. Nikapita stoo kwa makusudi. Nikamweleza Makubaliano kila kitu, pamoja na chaki.

Aliinua macho juu ya waya wa miwani. "Vizuri. Mungu amlinde shemeji yako."

Sikupenda alivyolisema. Hakukuwa na kushindwa ndani yake.

Ijumaa, 28 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi Mjomba alikuja mezani pangu kuomba kalamu, apate kusaini likizo. Neno lake la kwanza kwangu kwa wiki mbili. Nikamwambia achukue humo. Akazitoa kalamu zote, akaziweka mezani, akaliinua ganda kwa kidole kimoja kilichoingizwa ndani. Akaligonga kwa pete yake ya ndoa.

Tk.

Nilidhani kidole chake kimeuzima mlio. Akalifunga kwa uzi, akalining'iniza kwenye kitasa cha dirisha, akagonga tena. Tk. Kama mtu anayegonga mlango wa mbao.

"Hili lilipita lini?"

Nikamwambia ni la mzigo wa kwanza. Geji ilisoma sawasawa. Nikampa hata karatasi. Hakuishika. Alikwenda nalo kwenye msumeno, akalikata, akalipaka wino, akalifuta. Wino ulibaki mahali pamoja: mstari mwembamba, mweusi, kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Geji hupima unene. Haiulizi kama unene huo umeshikana.

Akatia kidole kwenye pipa la mafuta, akakisugua. Maji. Mvua imekuwa ikiingia humo tangu kabla mzigo wa kwanza haujaondoka. Chuma chekundu kikikutana na maji ndani ya mafuta hupasuka, na hupasuka ndani kwa ndani.

"Nyundo ingeniambia siku ile ile," alisema. Si kwa kunilaumu. Laiti angenilaumu!

Nikauliza likifyatuliwa itakuwaje. Alimtazama Makubaliano, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake la stoo. Makubaliano akasema mengine yataruka vizuri tu. Mengine yatapasukia ndani ya mzinga, kabla hayajatoka. "Na mwenye kulitia ndani anakuwa bado amelishika karibu hivi." Akaonyesha kwa mikono. Mikono miwili.

Nimeyagonga yote mwenyewe. Yote mia sita! Kwa nyundo! Kila moja liliniambia na mimi nilikuwa na vizibo masikioni.

Nikapanda kwa Meneja. Lori la pili limeshapakiwa, maganda mia tisa, linaondoka kesho. Nikamwambia lishushwe, yagongwe yote, na ng'ambo waambiwe leo hii wayaache yale ya kwanza. Meneja akafungua droo. Akatoa waraka wangu. Akanisomea, kwa sauti tamu: "'Kila dakika tunayoipa nyundo, tumeipokonya mji uliozingirwa.' Ni wewe huyu, msomi?"

Nikasema nilikosea.

"Hapana, uliandika vizuri. Niliwasomea na wanunuzi. Wakiuacha mzigo wa kwanza, Jumamosi kilima kinatekwa. Hapo nao utawaandikia kurasa nne?"

Kinachonichukiza zaidi: sentensi ile ni nzuri. Nimeisikia kinywani mwa mpumbavu na bado ni nzuri.

Hata hivyo nilimwuliza kama atawaarifu. Akasema atalitafakari, tusizue taharuki, kwani ganda moja si maganda. Nimempigia Dada mara kumi na moja. Mtambo unaniambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika juu ya gogo la mhuri, uani.

Lori liko langoni, pua nje, mkia ndani. Dereva anapiga honi. Hati ya mzigo ninayo mimi. Bila saini ya mkaguzi mpakani hawaipokei. Meneja amekwisha kuja mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na kalamu. Mara ya pili alikuja na fundi wa rangi, ambaye aliniita msaliti. Mtu asiyeweza kuzuia paa lisivuje!

Nilitegemea nitabaki peke yangu, na ninakiri nilikuwa nimeanza kuona uzuri wake. Lakini Mjomba amekuja, na likizo yake mfukoni. Nyuma yake Makubaliano, na nyundo.

Nilimwambia Makubaliano anayo nafasi yake sasa. Atulie tu, lori libaki hapa, maganda yapate kutu, atakuwa ameshinda. Akanishangaa kwa dhati.

"Mimi sitaki yaende, Profesa. Mpaka kesho sitaki. Lakini yakienda, yaende mazima. Huko kuna watu."

Tangu saa moja asubuhi nalitafuta jibu la hili katika kila kitabu nilichowahi kusoma. Ni hoja mbovu, imekatika katikati, haina kanuni moja inayoishikilia – na huyo mzee amesimama juu yake kama juu ya saruji.

Tunashusha. Makubaliano anapanda lorini, anampa Mjomba, Mjomba ananing'iniza, anagonga, anafumba macho. Watu kadhaa wa ndoo ya bluu wanasaidia. Wa nyekundu wanatazama, mikono mifukoni. Wachache sasa wanavua makoti. Meneja yuko dirishani, anaongea na simu. Sijui kama anawaarifu ng'ambo au anatafuta mkaguzi mwingine mwenye mhuri.

Mia moja na ishirini yamegongwa. Kumi na manne yamewekwa kando.

Nayapigia hesabu yale mia sita. Sitaiandika.

Ujumbe kwa Dada na Shemeji nilianza kuuandika jana. Wa kwanza ulikuwa na aya tatu na maelezo juu ya mafuta na maji. Nikaufuta. Wa pili ulianza na "Kwa masikitiko makubwa." Nikaufuta kwa haraka zaidi. Huu wa leo: *Msiyafyatue. Yana nyufa. Nimekosea mimi.* Maneno matano. Si sentensi ya kujivunia. Nimeutuma kwa wote wawili saa moja na dakika tano.

Tiki moja. Kwa wote wawili, moja: umetoka kwangu, haujawafikia.

Wakiyaacha, kilima watakilinda kwa kitu gani? Nilipokuwa nikipigiwa makofi nilikuwa na majibu ya kila mtu. Jioni ni saa kumi na mbili huko kama hapa.

Meneja anashuka ngazi tena. Amekuja na kalamu nyingine, ya wino mzuri – pengine anadhani tatizo lilikuwa kalamu. Nimevua vizibo. Nimevitupa kwenye pipa la mafuta. Kutoka hapa nilipo nasikia vizuri kabisa.

Mrefu. Mrefu. Mrefu. Mfupi. Mrefu.

Tiki bado moja.

Mfupi.